Kabla hujaifungua injini, fungua kifuniko cha tangi

Mwaka wa mwanzo nilipoinunua vespa yangu nilipoteza wikendi tatu, na pesa za kutosha kununua mbuzi, kwa sababu ya kitundu kidogo kama cha sindano.

Ilikuwa hivi. Asubuhi natoka nyumbani Kikwajuni, hapa mjini Unguja, chombo kinawaka kwa kiki moja, kinanguruma vizuri. Nikifika Mtoni, au nikibahatika Kibweni, kinaanza kukohoa, kinalegea, kinazima. Napiga kiki mpaka mguu unaingia ganzi. Nakaa pembeni dakika kumi, robo saa, nikijaribu tena kinawaka kama hakuna lililotokea. Kila mpita njia alikuwa na lake: koili ikipata moto inakata, kabureta chafu, ringi (pete za pistoni) zimekwisha. Nikamwamini wa ringi kwa sababu ndiye aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wenziwe. Nikafungua kichwa cha injini, nikavuta silinda, nikatia ringi mpya na gasketi mpya. Jumatatu ikazima Mtoni, pale pale kwenye kituo chake.

Wiki iliyofuata nimempakia mke wangu tunakwenda harusini Bububu. Ikazima. Akashuka, buibui amelikusanya mkononi, jua la saa tisa linampiga usoni. "Baba Nasra, kwani petroli imo?" Sikumjibu, nilikuwa nimeshanuna. Akainua kiti mwenyewe, akazungusha kifuniko cha tangi. Kikatoa sauti, fyuuu, kama soda inayofunguliwa. Nikapiga kiki moja tu, ikawaka.

Kifuniko cha tangi kina kitundu cha kuvutia hewa. Petroli ikishuka kwenda kwenye kabureta, lazima hewa iingie juu ishike nafasi yake. Kitundu kikiziba kwa vumbi na kutu, tangi linajinyonya na petroli inagoma kushuka. Ukipumzika robo saa hewa inapenya kidogo kidogo, ukiwasha unapata safari nyingine fupi. Nilikizibua kwa sindano ya cherehani, kazi ya dakika mbili, na mke wangu hajaacha kunikumbusha mpaka leo.

Tangu siku ile nina sharti moja na nafsi yangu: sifungui kitu mpaka niweze kusema kwa mdomo wangu ninatafuta nini ndani yake. Nikishindwa kusema, narudisha spana kwenye kopo, nakwenda kunywa kahawa.

Vespa yangu ni ya 1979, ya mipigo miwili, ile ya kuchanganya oili na petroli, na moto wake unatoka kwenye platini, si kwenye kisanduku cha elektroniki. Mwenye honda ya zamani (na sisi kila pikipiki ni honda, hata isiyotoka Japani) achukue linalomfaa.

Ikigoma kuwaka, naanza na petroli kwa sababu haina gharama. Navua mpira wa petroli kwenye kabureta, nafungua koki, naacha imwagikie kwenye chupa ya kioo. Itoke mfululizo, isidondoke. Halafu naiacha chupa itulie na kuitazama kwenye mwanga. Petroli ya kununua kwa chupa barabarani ina tabia ya kuwa na maji, na maji yanakaa chini, utayaona kama shanga. Ukishaona, rudisha mpira, funga koki, na chupa ipeleke mbali kabisa na hapo, kwa sababu linalofuata ni cheche.

Vua plagi, irudishe kwenye kofia yake, iegemeze kwenye chuma cha silinda, piga kiki. Cheche iwe ya buluu na uisikie ikilia. Ikiwa nyekundu na mvivu, kuna tatizo. Ila kabla ya cheche, itazame plagi yenyewe, maana inasema mengi. Rangi ya ganda la bofulo lililoiva ndiyo nzuri. Nyeusi kavu kama kitako cha sufuria ya kuni: inapata petroli nyingi au filta ya hewa imeziba. Nyeusi yenye majimaji ya mafuta: oili imezidi, au ile ya giaboksi inapenya mahali isipotakiwa. Nyeupe kama chokaa ndiyo inayonitisha. Hapo injini inaungua kwa hewa nyingi na petroli chache; aidha jeti, kile kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli, imeziba, aidha hewa inaingia kwa njia ya panya. Usiendelee na safari ukiona hivyo. Jeti uizibue kwa pumzi au pampu, na ikikataa tumia kipande chembamba cha mshipi wa kuvulia. Waya wa chuma unapanua tundu, na tundu lililopanuka haliponi.

Hapo kwenye njia ya panya nikae kidogo. Krenki ya vespa, yaani ule mhimili unaozungushwa na pistoni, ina sili mbili za mpira, moja kila upande. Zikizeeka, kila moja inakuja na dalili zake. Ya upande wa klachi ikipasuka, injini inanyonya oili ya giaboksi na kuichoma, nyuma yako moshi mweupe mzito, na ukipima giaboksi unakuta zile 250 ml ulizotia zimepungua bila ya tone kuanguka chini. Ya upande wa magneti, lile gurudumu la kutoa umeme pembeni mwa injini, ikipasuka, inanyonya hewa. Injini inapanda yenyewe hata ukiachia mkono wa gesi, na huku inaungua. Ya kwanza ni aibu tu, watu wataziba pua. Ya pili inakaba pistoni, yaani inanasa ndani ya silinda.

Sasa platini. Watu wanaziogopa bure. Ni vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana, unaviona kupitia dirisha la magneti ukiizungusha kwa mkono. Vikiungua vinaota chunusi, na cheche inadhoofika. Nasugua kwa msasa laini kabisa, halafu napitisha kipande cha karatasi safi katikati mpaka kitoke bila ya weusi. Uwazi wao vinapoachana sana uwe kati ya 0.3 na 0.5 mm. Huna fila geji, kile kipimo cha uwazi mdogo? Mimi pia sikuwa nayo miaka mingi. Wembe wa kawaida, ule wa makali mawili, una unene wa 0.1 mm. Shikanisha nyembe nne, zipitishe katikati: ziingie kwa kusuguana kidogo, zisipwaye wala zisilazimishwe. Legeza skrubu, sogeza, kaza, pima tena, maana ukikaza huwa zinahama. Vidole vyangu viwili vina alama za somo hili, kwa hiyo funga makali kwa utepe kwanza. Na kama platini mpya zinaungua baada ya wiki mbili, usizilaumu, badilisha kondensa, kile kikopo kidogo cha umeme kinachozilinda.

Kuhusu oili ya kuchanganya sina maneno mengi ila sina mchezo. Kwa injini yangu ni asilimia 2, yaani 20 ml kwa lita, 100 ml kwa lita 5. Napimia chupa ya maziwa ya mwanangu, aliyeiacha zamani, ina mistari ya mililita ubavuni. Oili iwe ya mipigo miwili, si ile iliyobaki kwenye galoni ya gari ya jirani. Ukishatia, tikisa chombo kushoto na kulia, maana isipochanganyika inalala chini ya tangi. Wanaodhani kuzidisha oili ni kuionea huruma injini wanajitengenezea masizi kwenye ekzosi, na ekzosi iliyoziba inafanya chombo kishindwe kupanda hata tuta.

Shemegi yangu wa Wete alijifunza jambo ambalo sisi wa Unguja hatulijui kwa sababu ardhi yetu ni tambarare. Pemba ni vilima. Alikuwa akiteremka amefunga gesi, gia imo, akijisifu kwamba anabana petroli. Injini ya kuchanganya oili inapata ulainishi wake kwenye petroli hiyo hiyo. Ukifunga gesi na huku magurudumu yanaizungusha kwa kasi, inazunguka kavu. Kwenye mteremko mrefu vuta klachi, au fungua gesi kidogo kila baada ya muda. Na siku zote weka vidole viwili juu ya mkono wa klachi: injini ikikaba, ukivuta klachi mara moja unabaki na chombo kinachoteleza, usipovuta gurudumu la nyuma linafunga na wewe unakwenda nalo.

Tairi ina hatari moja inayostahili kusemwa kwa sauti. Rimu ya vespa ni vipande viwili vilivyounganishwa kwa nati, na nati nyingine ndizo zinazoishika kwenye ngoma ya breki. Zinafanana. Ukikosea ukalegeza za kuunganisha rimu na tyubu ina upepo, vipande vinaachana kwa nguvu ya kuvunja mkono. Mimi natoa kwanza kipini cha valvu, upepo uishe kabisa, ndipo nachukua spana. Na breki ukiifungua usiipulize vumbi lake kwa mdomo. Lininga za zamani huenda zina asbesto. Futa kwa kitambaa kibichi, ukitupe.

Yote hayo ni ya injini, na injini za vespa ni ngumu kufa. Kinachoziua hapa kwetu ni kutu. Pikipiki nyingine ina fremu ya mabomba, bodi likioza unalivua. Vespa tangu ilipoanza kutengenezwa Italia mwaka 1946 haina fremu ya namna hiyo, bati lenyewe ndilo uti wa mgongo. Bati la kukanyagia likioza, chombo kizima kinapinda. Na sisi tunaishi ndani ya chumvi. Ukiegesha Forodhani jioni moja upepo wa bahari ukivuma, pitisha kidole kwenye kioo cha taa kisha ukionje.

Kwa hiyo kila Ijumaa kabla ya sala naimwagia maji baridi, si juu tu bali chini ya bati la miguu, kwenye ile mikunjo inayokusanya mchanga. Mchanga uliolowa chumvi ndio unaokula. Kisha naiacha juani ikauke. Kabla ya masika, mwezi wa pili hivi, nailaza kwa ubavu juu ya jamvi kuukuu, petroli nimeshaimwaga, nagonga chini kote kwa mpini wa bisibisi. Bati zima linalia, lililooza linajibu kama boga. Palipoanza kutu nasugua kwa brashi ya waya, natia rangi ya kuzuia kutu, juu yake oili chafu kwa brashi. Inakusanya vumbi, inachafua suruali, na ndiyo iliyolifikisha bati langu hapa. Oili inayobaki irudishe kwenye galoni umpe fundi. Usiimwage uani. Kisiwa hiki ni mawe ya matumbawe, unachomwaga leo kinashuka kwenye maji ya visima tunayokunywa.

Wakati wa mvua, ukikuta dimbwi kubwa barabarani, zunguka. Maji yakiingia kwenye magneti utaisukuma mpaka nyumbani.

Kuna kazi sizigusi. Klachi, gia na krenki nampa fundi, ila nachagua fundi kwa kutazama vifaa vyake kabla ya kusikiliza maneno yake. Magneti inavuliwa kwa pula, kifaa cha kuivuta kwa skrubu. Wa kwanza niliyempelekea alitumia nyundo, akakata mapezi mawili. Yale mapezi ndiyo feni inayoipoza silinda, na magneti iliyokatika mapezi inatikisa krenki nzima. Niliilipia mimi. Siku hizi nikiona nyundo karibu na magneti nauliza pula iko wapi, na jibu likichelewa naondoka na chombo changu.

Spea zinapatikana, nyingi ni za Kihindi, na zilizotengenezewa LML, zile vespa za India, zinaingia vizuri kwenye familia ya PX, ambayo ndiyo ya vespa yangu. Chunga plagi tu. Yangu ni NGK B7HS, na hiyo H maana yake nyuzi fupi. Muuzaji mmoja alinipa B7ES, "ni ile ile". Si ile ile: nyuzi zake ni ndefu, inaingia mpaka ndani na pistoni inakuja kuigonga. Nenda dukani na plagi ya zamani mfukoni, zisimamishe pamoja juu ya meza.

Limebaki la waya za klachi na gia, ambalo naulizwa sana. Zikiwa ngumu watu wanazikaza, kumbe zimekauka kwa kutu ndani ya ala. Navua waya pamoja na ala yake, nautundika kwenye msumari wa ukumbini. Zamani nilitumia kona ya mfuko wa plastiki kama faneli, lakini mifuko hiyo kwetu ilipigwa marufuku miaka mingi kabla ya Bara, sasa nakata kidole cha glavu ya mpira. Nakitoboa nchani, nakivisha juu ya ala, nakifunga kwa uzi, natia oili nyepesi vijiko viwili. Chini naweka kopo. Haitaki haraka, inashuka kwa uzito wake yenyewe. Ukitundika baada ya sala ya isha, alfajiri utakuta tone la kwanza limeanguka, jekundu kwa kutu. Ongeza oili mpaka litoke safi, ndipo uurudishe.