Maswali na Majibu: Ufa Unaochora Mlango Uliozibwa

Tuliziba mlango kati ya sebule na chumba tunachotaka kupangisha. Miezi mitatu baadaye ufa umejichora pale pale, pande mbili na juu. Saruji ilikuwa mbovu?

Saruji imesingiziwa. Ukuta wa zamani ulishakauka na kutulia. Kiraka kilikuwa kibichi, na chochote cha saruji husinyaa kikikauka. Kisiposhikwa, kinajitenga. Fundi wako namjua bila kumwona: tofali zimefyatuliwa juzi, zimeegemezwa kwenye lipu kuukuu, kozi zote (mistari ya tofali) hadi chini ya linta (boriti iliyo juu ya mlango) siku moja, jioni kalipwa.

Kuziba ilivyotakiwa ni hivi: bandua lipu sentimita 15 kila upande mpaka tofali lionekane. Toboa ukuta wa zamani, pachika vipande vya nondo ya milimita 8 kila baada ya kozi mbili, vilale ndani ya udongo (mchanga na saruji) wa kozi mpya. Tofali ziwe zimemwagiliwa na kukaa wiki nne. Nafasi ya chini ya linta iache siku kadhaa, kisha ishindilie mchanganyiko mkavumkavu. Kabla ya lipu, pigilia wavu wa kuku juu ya maungio.

Nami nikuulize: huyo mpangaji, chumba chake kina dirisha?

Fremu ya mbao naweza kuiacha ndani?

Hapana. Inavimba, inasinyaa, na mchwa hawabishi hodi.

Nikizidisha saruji si itashika zaidi?

Jamani, tena! Saruji ikizidi, udongo unasinyaa zaidi na kupasuka zaidi. Ndoo moja kwa tano za mchanga yatosha. Nimesema ndoo. Koleo la mtu mwenye haraka si kipimo.

Fundi anataka kuvunja linta ili ukuta ulingane.

Ateremke ngazi. Linta imebeba tofali za juu yake. Muulize pia nyaya za swichi iliyo kando ya mlango zitaishia wapi. Nimewahi kukuta swichi imefukiwa kwenye lipu, umeme ungalimo.

Ufa tayari upo. Puti na rangi?

Ufa utarudi. Bandua lipu kwenye maungio, weka wavu, piga upya. Ila ufa ukikata mshazari kuelekea dirishani na kuzidi kupanuka, mlango hauhusiki: mwite mtu aangalie msingi.

Hakuna njia rahisi?

Ipo, na watu hawaipendi: usilazimishe ukuta kulingana. Kwenye ukuta wa inchi 6 ziba kwa tofali za inchi 4, upate shubaka la sentimita 5. Maungio yanaangukia konani, na hata ufa ukija hauonekani. Tundika humo picha ya harusi.