Ekstenda imejaa vijiti, video inazunguka tu

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nipo Ujiji. Ruta yangu ni ya laini, ina bendi mbili, na nimeiweka dirisha la sebuleni upande wa barabarani kwa sababu ndipo 4G inapokamata vizuri. Watoto wanasomea chumba cha uani kilichojengwa peke yake, mlango wa bati, kama hatua ishirini na tano kutoka sebuleni. Nilinunua ekstenda, kile kifaa cha kurefusha Wi-Fi, boksi limeandikwa AC1200, nikaichomeka chumbani kwao. Simu zinaonyesha Wi-Fi imejaa vijiti vyote, lakini video za masomo zinazunguka tu. Sebuleni hakuna shida kabisa. Je, nimeuziwa kimeo? (Mama wa watoto watatu)

JIBU: Salama, mama. Sidhani kama ni kimeo. Nadhani umeipa kazi ukiwa umeiweka mahali isipoweza kuifanya, na wengi hufanya hivyo hivyo: chumba hakina mtandao, basi ekstenda inachomekwa kwenye chumba hicho hicho.

Vile vijiti vinakuonyesha nguvu ya mawimbi kati ya simu na ekstenda, vitu ambavyo pale mezani vimeachana mita mbili. Lazima vijae. Havisemi lolote kuhusu safari ya nyuma, kutoka ekstenda hadi ruta, na huko ndiko kwenye tatizo. Ekstenda haina intaneti yake. Inasikiliza ruta inasema nini, kisha inarudia kwa sauti. Chukulia mtu amesimama ufukweni Kibirizi, anawapazia walio juu mlimani maneno ya mwenye mtumbwi. Ukimtoa ufukweni ukampandisha huko huko mlimani, wale wa juu watamsikia vizuri mno, lakini yeye mwenyewe hasikii kitu. Atapaza nini?

Kwa hiyo itoe uani uirudishe nyumba kubwa. Tafuta soketi karibu na dirisha la nyuma linalotazama uani, korido au jikoni. Ekstenda ikae mahali ambapo ruta bado inasikika vizuri, huku mbele yake kukiwa na kioo na hewa badala ya ukuta na bati. Mlango wa bati wa watoto ukifungwa ni kioo cha kujitazama kwa mawimbi: yanagonga yanarudi. Dirisha lao lenye nyavu na nondo linapitisha zaidi kuliko mlango huo, basi lenga dirisha.

Usikisie kwa macho. Weka kwenye simu ya Android programu yoyote ya kupima mawimbi ya Wi-Fi, usimame pale unapotaka kuchomeka ekstenda, kisha usome namba ya mtandao wa ruta. Ni namba hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo ilivyo bora. Hasi 50 ni nzuri sana, hasi 65 inatosha, hasi 80 achana nayo. Usidharau tofauti ndogo, kwa sababu kutoka hasi 60 kwenda hasi 70 nguvu imepungua mara kumi. Naamini ukipima pale chumbani kwa watoto, ekstenda ikiwa imezimwa, utaikuta kwenye themanini huko.

Hapa nikiri la kwangu. Niliwahi kumfungia mtu mjini Tabora, nikapima usiku, namba safi, nikaondoka kifua mbele. Kesho yake asubuhi ananipigia, mtandao umekufa. Nilirudi nikahangaika na ruta nusu siku kabla sijachungulia dirishani: katikati ya ekstenda na chumba kulikuwa na tangi la maji la lita 1,000. Nilipopima lilikuwa tupu, usiku maji yakatoka likajaa. Maji hunywa mawimbi kama mchanga unavyokunywa maji. Angalia uani kwako kuna nini.

Sasa bendi, yaani masafa ya mawimbi ambayo Wi-Fi hupitia. Ile ya gigahezi 2.4 inafika mbali na kupenya ukuta vizuri zaidi, ila ni ya polepole na ina msongamano wa majirani. Ya gigahezi 5 ina kasi kubwa lakini kuta mbili tatu za tofali zinaimaliza. AC1200 maana yake ekstenda yako inazo zote mbili: megabiti 300 kwenye 2.4 na 867 kwenye 5, mtengenezaji akajumlisha na kukuza hesabu kidogo. Hakuna simu moja itakayopata 1200 hiyo. Lakini kuwa na bendi mbili ni bahati yako. Ekstenda ya bendi moja husikiliza na kusema kwenye chaneli ile ile, yaani njia ile ile ndani ya bendi, na haiwezi kufanya yote kwa wakati mmoja, hivyo kasi hushuka karibu nusu. Yako inaweza kusikiliza ruta kwa 5 na kuwapelekea watoto kwa 2.4. Hivyo ndivyo ningeifunga: 5 kutoka sebuleni hadi korido, ikiwa haivuki zaidi ya ukuta mmoja au miwili, kisha 2.4 kuvuka uani. Ukipima korido ukakuta 5 imeshuka chini ya hasi 70, acha ubishi, tumia 2.4 safari yote. Kiungo cha polepole kisichokatika ni bora.

Ili usichanganyikiwe, kwanza ingia kwenye mipangilio ya ruta uzipe bendi hizo majina tofauti, tuseme Nyumbani na Nyumbani5. Ukiwa humo humo, weka 2.4 kwenye chaneli 1, 6 au 11, ile ambayo programu inaonyesha majirani wachache, na upana wake uwe megahezi 20.

Halafu chomeka ekstenda mita mbili kutoka kwenye ruta na uirudishe ilivyotoka kiwandani kwa kubonyeza kitundu chake kwa pini. Unganisha simu na mtandao wa ekstenda yenyewe, ufungue anwani iliyoandikwa kwenye kibandiko cha nyuma. Hapa wengi hukwama: simu inaona mtandao huo hauna intaneti, inarukia data ya laini, ukurasa haufunguki. Zima data kwanza. Ukishaingia, chagua Nyumbani5 peke yake kama mtandao wa kupokea, andika nenosiri kwa kuangalia herufi kubwa na ndogo, na mtandao wa kutoa wa 2.4 uuite Uani. Taa ikitulia, ichomoe uipeleke korido. Mipangilio haifutiki kwa kuchomoa.

Nimekuambia Uani, jina tofauti, kwa makusudi. Jina likiwa moja, simu huing'ang'ania ruta ya mbali hata ikiwa hoi, na utarudi kulalamika upya. Kwenye simu za watoto futa kabisa mtandao wa Nyumbani.

Ikishindikana, kuna waya. Kebo ya mtandao ya shaba halisi inafika mita 100 bila kupoteza kasi, na hatua zako ishirini na tano ni kama mita 20 tu. Ekstenda nyingi zina tundu la kebo, na ukiibadilisha iwe kituo cha kugawa mtandao unaweza kuirudisha chumbani kwa watoto, mlango wa bati na ufungwe. Ogopa kebo ya bei ya kutupwa yenye alumini iliyopakwa shaba. Ipitishe kwenye bomba la plastiki, na radi ikianza kunguruma ichomoe pande zote mbili. Dukani sema wazi ni kebo ya mtandao, ukisema ekstensheni utapewa ya umeme.

Ukishahamisha, pima kasi mara tatu saa ile ile: sebuleni ukiwa kwenye ruta, korido ukiwa kwenye Uani, na chumbani kwa watoto ukiwa kwenye Uani. Niandikie namba hizo tatu. Ikishuka kati ya ya kwanza na ya pili, tutahamisha soketi. Ikishuka kati ya ya pili na ya tatu, tutazungumza kuhusu ule mlango.