Maswali ya Wasomaji: Seli T, CD4 na Namba Iliyo Kwenye Kadi

Barua za safari hii karibu zote zinahusu CD4, na tunaelewa kwa nini. CD4 ni alama iliyo juu ya baadhi ya seli T, askari wa kinga ndani ya damu, na ndizo VVU huzishambulia; namba ya kwenye kadi ni hesabu yake. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 uliiweka mikoa yetu mitatu juu kwa maambukizi ya VVU miongoni mwa watu wazima: Njombe asilimia 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6. Kwa watu wengi wa huku, CD4 ni jambo la nyumbani.

Swali: Mwaka jana CD4 zangu zilikuwa 412. Juzi nimeambiwa 371, ingawa virusi havionekani. Dawa zimeanza kushindwa? — Dada wa Makambako

Hapana, dada. Kipimo kinachoonyesha kama dawa zinafanya kazi ni wingi wa virusi, na chako kinasema zinafanya. CD4 inaonyesha kinga ina askari wangapi ndani ya damu siku ile uliyochomwa sindano, na hesabu hiyo hupanda na kushuka hata kwa mtu mzima wa afya.

Tazama namba inavyopatikana. Tuseme una seli nyeupe 5,000 kwa kila maikrolita ya damu, na asilimia 30 kati yake ni limfosaiti, kundi lenye seli T ndani yake: hizo ni 1,500. Ikiwa robo ya limfosaiti hizo zina CD4, unapata 375. Sasa seli nyeupe zikishuka hadi 4,000 kwa sababu ya mafua tu, na asilimia zote zikabaki zilezile, CD4 inasomeka 300. Kinga haijabadilika, kilichobadilika ni hesabu ya seli nyeupe. Ndiyo maana asilimia ya CD4 hutulia kuliko namba kamili. Hata saa ina mchango wake: asubuhi CD4 huwa chache kuliko jioni. Ujauzito huishusha, na dawa kama prednisolone pia.

Wataalamu huanza kutilia maanani badiliko la namba linapofika kama asilimia 30. Kutoka 412 hadi 371 ni asilimia 10 tu. Endelea na dawa, na ukipenda kulinganisha vipimo, jitahidi kupimwa saa zilezile na ukiwa huna homa.

Swali: Mwalimu anasema seli T hutoka kwenye uboho, kitabu kinasema thaimasi. Pia jedwali langu la hatua za kukua kwa seli T, lenye alama za CD44 na CD25, halilingani na maelezo ya binadamu. Nishike lipi? — Mwanafunzi wa uuguzi, Iringa

Wote wawili wako sahihi. Seli mama hutoka kwenye uboho wa mifupa, lakini zikibaki huko hazitakuwa seli T. Husafiri kwa damu hadi tezi ya thaimasi, nyuma ya mfupa wa kifua juu kidogo ya moyo. Kazi ya tezi hii haikujulikana hadi 1961, Jacques Miller alipoonyesha kwamba panya walioondolewa thaimasi wakiwa wachanga hukua bila kinga ya kutosha.

Seli ikiingia huwa haina CD4 wala CD8, alama nyingine ya seli T. Kwanza hukata na kuunga upya vipande vya jeni ili kutengeneza mnyororo wa beta wa kipokezi chake. Mnyororo ukifaulu, seli hugawanyika, huvaa CD4 na CD8 kwa pamoja, kisha hutengeneza mnyororo wa alfa. Hapo hujaribiwa mara mbili. Kwenye gamba la tezi huulizwa: unaweza kutambua molekuli za MHC za mwili huu, zile zinazoonyesha vipande vya protini juu ya seli? Isiyoweza hufa. Inayoshika MHC daraja la 1 hubaki na CD8, inayoshika daraja la 2 hubaki na CD4. Ndani zaidi, kwenye kiini cha tezi, jeni iitwayo AIRE hufanya seli za hapo zitoe protini za viungo vya mbali, kwa mfano insulini ya kongosho, na seli T inayozishambulia kwa nguvu huuawa. Seli zinazotoka salama ni chini ya 5 kwa kila 100. Jeni ya AIRE ikiharibika, mtu hupata magonjwa ya mwili kujishambulia katika tezi kadhaa.

Baadhi ya seli zinazoshika protini za mwili wenyewe kwa kiasi haziuawi bali hugeuzwa kuwa seli T za udhibiti, zenye CD4, CD25 na protini ya FOXP3 ndani. Kazi yao ni kuzituliza nyingine. Ugunduzi huo uliwapa Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi tuzo ya Nobel ya 2025.

Kuhusu jedwali lako: hatua za CD44 na CD25 ni za panya. Kwa binadamu fuata CD34 kwa seli changa, kisha CD1a inayoonyesha kwamba seli imeshaamua kuwa T. Tofauti nyingine inayowaangusha wanafunzi kwenye mtihani: kabla ya kuvaa CD4 na CD8 pamoja, seli ya binadamu hutanguliza CD4, ya panya hutanguliza CD8.

Zikishakomaa, alama ya CD3 iko kwa seli T zote. Yenye CD8 huua seli iliyoambukizwa kwa protini zake za kuulia, perforini na granzaimu. Yenye CD4 huwaamsha wengine. Katika kifua kikuu hutoa interferoni gama, ujumbe wa kemikali unaoipa makrofaji, seli inayomeza vijidudu, nguvu ya kuua bakteria. VVU hushika CD4 hiyohiyo pamoja na CCR5, kipokezi kingine juu ya seli, ili kuingia, na ndiyo sababu kifua kikuu hupata mwanya mapema.

Swali: Sampuli zetu za CD4 zinarudishwa. Tunazifunga vizuri na barafu. Tatizo nini? — Mhudumu wa zahanati, Makete

Barafu yenyewe. Damu ya CD4 hukaa nyuzi 18 hadi 25. Ubaridi huharibu seli na kuvuruga namna kingamwili zenye rangi zinavyozishika, na usiku wa Julai huko kwenu unatosha kufanya hivyo hata bila barafu. Zifungeni kwa kitambaa au sponji ndani ya boksi, mbali na ukuta wa gari.

Tumieni chupa ya kifuniko cha zambarau yenye EDTA, kemikali inayozuia damu kuganda, na damu ifike mstari. Mara tu baada ya kuchota, igeuzeni taratibu mara 8 hadi 10. Mkisubiri hadi mmalize mgonjwa wa pili, donge dogo limeshajitengeneza, limebeba seli, na mashine itasoma pungufu. Msitikise, msizungushe kwenye sentrifuji. Andikeni saa ya kuchota, maana mashine nyingi zinataka damu isiyozidi saa 48.

Chupa ya wingi wa virusi ina njia yake: plazma, yaani maji ya damu, hutenganishwa, kisha hiyo ndiyo huwekwa kwenye baridi. Tunadhani mkanganyiko wenu umeanzia hapo.

Kwa wenzetu wa maabara: msihesabu CD4 bila CD3. Monosaiti, seli nyeupe za aina nyingine, nazo zina CD4 kidogo na zitaongeza namba. Kisha jumlisheni asilimia ya CD4 na CD8. Ikipishana na CD3 kwa zaidi ya pointi 10, rudieni kabla ya kutoa jibu.

Swali: Nina miaka 63, nilianza dawa nikiwa na CD4 90. Mwaka umepita, ziko 180. Kuna chakula au dawa ya kuzipandisha? — Mzee wa Tukuyu

Shikamoo mzee. Hakuna unga, mizizi wala sharubati inayorudisha CD4, na tunakusihi usiuze ndizi zako kununua hivyo. Thaimasi huanza kusinyaa tangu ujana, kwa hiyo kwa umri wako seli mpya huja polepole. Zimeongezeka mara mbili, hiyo ni hatua. Chini ya 200 endelea na Septrini, na uulize kliniki kama umepimwa kifua kikuu na kriptokokasi, fangasi anayeleta homa ya uti wa mgongo. Kichwa kikiuma siku kadhaa mfululizo, nenda siku hiyohiyo.

Swali: Mwanangu wa miaka 3 ana CD4 1,100, mimi 520. Ina maana yeye ni mzima kuliko mimi? — Mama wa Mafinga

Hapana, mama. Watoto wadogo huwa na limfosaiti nyingi sana kiasili, na 1,100 kwa umri huo inaweza kuwa ndogo. Chini ya miaka 5 husomwa asilimia: 25 au zaidi ndiyo inayotakiwa. Muulize muuguzi asilimia ya mtoto, na kama haijaandikwa, omba iandikwe kwenye kadi yake.