Picha ni ya aliyemo

Mwanangu,

Waalaykumu salaam. Sauti uliyonitumia jana nimeisikiliza mara mbili, ya pili pamoja na baba yako, naye akacheka pale uliposema "mama, nijibu neno moja tu." Unataka nikwambie nani apige picha za harusi yako: yule kijana wa Dar es Salaam mwenye droni na wasaidizi wake, au yule mwanamke wa Mwanakwerekwe aliyepiga harusi ya binti wa jirani. Neno moja sina. Kwanza nijibu wewe: picha zikishapigwa, zinakaa kwa nani?

Najua umeshaguna. Guna, kisha usome.

Picha yangu ya biharusi unaijua, ile iliyo chumbani kwa bibi yako juu ya sanduku. Uliwahi kuuliza yale matundu manne kwenye pembe, bibi akakwambia mchwa. Si mchwa, ni pini.

Siku ile, kule Chake Chake, Pemba, mjomba wako alimleta mpiga picha mwanamme, maana mwanamke mwenye kamera hatukumjua. Bibi yako akamruhusu aingie upande wetu baada ya kila mtu kuvaa buibui lake. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa wazi, piko jeusi limechorwa mpaka kwenye viwiko, kikuba cha asumini kifuani, vidani vya kuazima shingoni. "Mbili tu, kisha utoke," bibi yako alimwambia. Filamu ilikuwa na picha 36, mtu hapigi ovyo kama nyinyi na simu zenu. Yule bwana hakuniambia cheka wala geuka. Alisimama karibu na kabati, kamera ipo tumboni, akangoja. Bibi yako akajisahau, akaja kunitengeneza kikuba, nikainua macho kumtazama, ndipo nikasikia kamera imelia. Ya pili aliipiga kutimiza hesabu tu.

Fungate imeshapita, siku moja nikatoka na wifi yangu kwenda sokoni. Tunapita mbele ya studio, wifi akanifinya mkono. Mimi huyo dirishani, nimekuzwa ukubwa wa kalenda, nimetiwa kati ya picha za pasipoti na timu ya mpira. Jua limeshaanza kula rangi, piko langu limekuwa kahawia mfano wa chai. Wanaume wawili wamesimama pale na maji yao ya miwa, wananitazama bila haraka, mmoja anamwonesha mwenzake kwa kidole. Nikajifunika uso, nikarudi nyumbani bila ya samaki.

Baba yako akaenda jioni ile ile. Yule bwana akamjibu kwa adabu zote: kamera yangu, filamu yangu, wewe umelipia karatasi. Ukiitaka ile kubwa, lipa bei ya kubwa. Baba yako akalipa. Mpaka leo akitaka kunichokoza husema mimi nimetolewa mahari mara mbili. Watu hucheka. Mimi hutabasamu kwa heshima yake tu.

Kwa hiyo nasema, na ulishanisikia nikisema: picha ni ya aliyemo, si ya aliyepiga.

Ami yako, ambaye hakosi jawabu, anasema sheria haiko na mimi. Zanzibar ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 2003, na hakimiliki huanza na aliyeifanya kazi. Kumlipa mpiga picha si lazima iwe umezinunua haki zake zote. Haya, na iwe hivyo. Basi ndiyo maana nataka karatasi. Iandikwe picha zipi anaweza kuzitangaza na zipi asizitoe mkononi, nani mwengine atakayezigusa, na lini atazifuta. Kama atakasirika kuulizwa, umeshapata jawabu lako bila ya kunisumbua mimi.

Na ami hakuishia hapo. Akanambia, mbona wewe ukenda mjini husimama kwa Oza, pale Capital Art Studio, ukaangalia picha za Unguja ya zamani? Ni kweli, husimama. Studio ile ilifunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na kama picha zisingehifadhiwa, nani leo angejua mitaa ile ilikuwaje? Nilikosa la kusema. Baadaye nikiosha vyombo likanijia: kuhifadhi si kutundika. Nilimpigia simu nikamwambia, akasema yumo kwenye daladala, hanisikii.

Sasa dirisha lenu halina pini. Dirisha la Chake lilionwa na watu wa Chake, na picha ilipotolewa ilikwisha habari. Hilo la Instagram nani atalitoa? Siku ya ukumbi kutakuwa na wanawake mia mbili na zaidi wamevua mabuibui yao, wamejipamba, wanacheza kwa raha zao wakijua mlango umefungwa. Hawa hawajaulizwa na mtu. Shangazi zako, mwalimu wako wa chuoni, mama mkwe wako. Simu tutazikusanya mlangoni, hilo nimeshapanga. Lakini yule kijana uliniambia mwenyewe kwamba picha zake huzipeleka kwa watu wengine wazisafishe kwenye kompyuta. Watu gani? Wanaume? Mulize.

Na la Jambiani pia mulize. Kakuahidi picha ya nyinyi wawili na jua linazama baharini nyuma yenu. Mwanangu, Jambiani iko mashariki! Jua lile huzama nyuma ya minazi, upande wa bara. Huyo hajawahi kufika, au amefika hakutazama. Anayetaka jua na bahari aende Kendwa, au akae hapa hapa Forodhani. Tena umenambia siku hiyo mwezi utakuwa mpevu, ndiyo bamvua, maji hujaa sana na kupwa sana. Jambiani maji hujaa karibu na saa kumi jioni, mchanga wa kusimama unabaki mwembamba, na hilo gauni lako refu litalowa. Ukienda asubuhi mnamo saa nne, maji yamekupwa, utapigwa picha na vijiti vya mwani. Si mbaya, lakini si alichokuahidi. Na droni haitaki pesa tu, inataka kibali.

Mahali si jambo dogo. Picha ya harusi ya ami, ile ya Forodhani yenye Beit el Ajaib nyuma, tangu jumba lile lilipoporomoka sehemu yake Disemba 2020 kila mgeni huomba kuiona, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumtaja mkewe. Hayo mwenyewe hapendi yasemwe.

Basi utadhani nimeshachagua. Sijachagua. Albamu ya jirani nimeiazima, nimeifungua yote mezani. Yule mwanamke anakata watu miguu. Keki ina picha nyingi kuliko mama yake bwanaharusi, na kuna moja shangazi mtu mzima kafumba macho, na bado imo! Na ile picha yangu ya matundu, niseme nisiseme, ndiyo picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupigwa. Hakuna nyengine yenye uso wa bibi yako vile, alivyokuwa ananiangalia kabla hajakumbuka kwamba kuna watu. Yule bwana hakuwa na haya, lakini jicho alikuwa nalo, na sijui kama mtu mwenye haya angengoja kiasi kile. Sasa nikikwambia mchukue mwaminifu, nisije nikakukosesha picha kama hiyo. Na nikikwambia mchukue mwenye jicho, basi yale matundu sikujifunza kitu.

Harusi yako, picha zako, amua na mchumba wako. Mimi simo.

Ila yule mwanamke, kama ndiye, mwambie afike mapema, apite mlango wa jikoni, nitamwekea pilau kabla wageni hawajaanza. Na ajizoeze miguu. Yule kijana, kama ndiye, atakula na wanaume nje.

Baba yako anakusalimu.

Mamaako