Usichimbe hata shimo moja kwenye nyasi hizo

Umesema kikundi chenu kina uwanda wa nyasi, mmeahidiwa miche, na mnataka kuugeuza msitu ili wanyama walio hatarini warudi. Unauliza mpande miti gani, mjisajili vipi, wafadhili wako wapi. Weka jembe chini kwanza.

Kwetu Kinangop, nyanda za juu za Kenya, tulijiwa na mtaalamu mwenye makaratasi ya mihuri, akatuambia ardhi isiyo na miti ni ardhi iliyokufa. Tukapanda mikaratusi kwenye nyasi ambazo hazijawahi kuwa msitu. Ikashika vizuri mno, na hasara ikaanzia hapo. Pale alikuwapo ndege mdogo mwenye koo la manjano na mgongo wa michirizi ya kahawia, asiyepatikana nchi nyingine yoyote ila Kenya, naye yuko hatarini kutoweka. Hutembea chini, kiota chake hukificha ndani ya mafungu ya nyasi. Mti haumsaidii kitu. Kivuli kilipofunga, mafungu yakanyauka, yakabaki majani makavu ya mkaratusi, na ndege hatukumwona tena. Yule bwana alihesabu miche, akapiga picha, akaenda zake. Bado nina hasira naye! Msomi mzima anakaguaje ardhi bila kuuliza ni nani anayeishi pale?

Na si ndege tu. Hirola, swala wa upande wa Garissa, hawafiki 500 duniani kote. Sotoka, ugonjwa wa ng'ombe na wanyama wa jamii yao, iliwaangusha miaka ya 1980, na watafiti wameonyesha kwamba miti na vichaka vilivyofunika malisho yao vimechangia kuwazuia wasiongezeke. Huko sasa uhifadhi ni kukata vichaka na kurudisha nyasi.

Serikali inataka miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Naunga mkono kabisa, kuna milima na vyanzo vya maji vilivyonyolewa vinavyoihitaji. Lakini mti upandwe palipokuwa na msitu, basi. Keti na wazee wa hapo, waulize pao palikuwaje walipokuwa wakichunga utotoni. Wakikwambia nyasi, lindeni nyasi: zisilimwe, mifugo ichungwe kwa zamu ili zipate kupumua.

Miche mliyoahidiwa pelekeni kwenye kingo za mto zilizokatwa miti, na iwe ya kienyeji. Wakiwaletea mikaratusi, irudisheni, maana itawanywea maji yote.