Anza kwenye tangi, kabureta iache kwanza

Mdogo wangu uliyeingia gereji juzi, ukiletewa haya magari ya magurudumu 8 yanayopita matopeni hadi majini, nayo yanazimazima njiani, nakuomba kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, usiiguse kwanza. Najua mikono itakuwasha. Mimi niliifungua mara 3 kwa gari moja lililokuwa likizima kule Nyando, karibu na Kisumu, kila baada ya dakika 20 hivi. Kila nikiifunga, gari linawaka vizuri, nami nasema limepona. Kumbe lilikuwa linapona kwa kule kukaa tu. Siku ya 4 nikalegeza kifuniko cha tangi, likavuta pumzi: fsss! Kitundu cha hewa kilikuwa kimezibwa na ule udongo mweusi wa tambarare ya Kano, huko huko Nyando. Petroli ikitoka na hewa isiingie, pampu huvuta mpaka ikashindwa.

Usiposikia mlio huo, tia petroli kidogo kwenye chupa, ining'inize juu ya kabureta, mbali na ekzosi, uiunganishe kwa mpira mfupi. Injini ikitulia na kuvuta vizuri, kabureta haina kosa. Rudi nyuma, kuelekea tangini.

Huko nyuma ndiko kwenye kazi. Pampu ya nyingi kati ya injini hizi haina waya. Ni utando unaochezeshwa na mapigo ya hewa kutoka tumboni mwa injini, kupitia kimpira chembamba. Kimpira kikipasuka, pampu inalegea. Mpira unaotoka tangini unadanganya zaidi, kwa sababu ukipasuka huenda usidondoshe hata tone, unafyonza hewa. Ukunje karibu na klipu. Ukiona nyufa kama za kisigino, badilisha wote, usiunge kipande.

Filta ni ya bei ndogo, badilisha tu. Maji nayo hutuama chini ya petroli: chota kutoka chini ya tangi, tia kwenye chupa ya kioo, subiri uone mstari.

Na tafadhali, bodi ya gari hili ni kama karai. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hujaa humo usiuone, na cheche moja inatosha kukuunguza. Fungua kizibo cha sakafuni, acha upepo upite, kisha chomoa waya wa betri kabla hujaanza kazi. Kizibo chenyewe kiweke mfukoni mwako, ukirudishe wewe mwenyewe kabla gari halijagusa ziwa.