Barua kwa mwanangu: ulichoniuliza juzi

Mwanangu,

Assalamu alaykum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, na mara ya tatu mama yako alikuwa amekaa kando yangu. Uliniuliza: "Baba, kwenye mitihani ya uhasibu ya CPA, karatasi ya kodi imeniangusha tena, mara ya pili sasa. Wenzangu wameshafungua biashara, mimi bado na vitabu. Wewe ile mikarafuu uliingojaje miaka yote bila kukata tamaa?"

Nilikata tamaa, mwanangu. Hilo sijawahi kukwambia, kwa sababu ulipopata akili ulikuta miti imeshazaa.

Nilipanda miche 60 kwenye shamba alilotuachia babu yako. Mkarafuu hukaa miaka sita, saba, hata minane kabla hujachuma cha maana, na mche wake hauwezi jua kali. Kila mmoja niliujengea kivuli cha makuti, na kiangazi nikauchotea maji kisimani kwa ndoo. Mwaka wa tatu ukafika, miche hainifiki hata kiunoni, na jirani yetu aliyekuwa akileta mitumba kutoka Tanga ameshaezeka bati. Nikamfuata. Nikasema shamba nitalipitia nikipata nafasi. Nafasi haikupatikana. Niliporudi kiangazi kimekwisha, makuti yameanguka, mchwa wamekula mizizi, na nilipohesabu nikapata miche 22. Nilikaa chini pale pale nikalia, mtu mzima mwenye mke.

Aliyenirudisha ni bibi yako, Mungu amrehemu. Alikuja na jembe, hakusema neno, akaanza kupalilia. Siku ile tulipalilia miche mitano. Tangu hapo nikashika hiyo hiyo: kila nikitoka kusali alfajiri, miche mitano, halafu ndiyo shughuli nyingine. Mitano haimshindi mtu, hata akiamka na uchovu. Mapengo nikayaziba kwa miche mipya. Mitumba niliiacha kabisa. Muhogo sikuuacha, maana watoto lazima wale.

Sasa tuje kwako. Unasema ukitoka kazini unaoka keki za oda, kitabu unakifungua saa nne usiku, na simu iko hapo hapo mezani. Mwanangu, saa nne kichwa kimeshatumika. Kwa maoni yangu keki zisimame mpaka mitihani ya Novemba ipite. Kama unaoka kwa sababu ya ada, niambie, karafuu za mwaka huu zitasaidia. Amka alfajiri, simu ibaki chumba kingine, uchukue maswali mawili ya mitihani iliyopita uyajibu kwa mkono bila kuchungulia majibu. Mawili tu. Utakalokosea lirudie baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Kurudia kurasa zile zile na kuzipiga mistari ya rangi kunakufanya uone kama unajua, mpaka siku unapokaa mbele ya karatasi tupu. Nadhani hapo ndipo ulipoangukia mara zote mbili.

Na ikiwa uhasibu wenyewe umekutoka moyoni, niambie waziwazi, sitakasirika. Ila kwenye sauti yako nilisikia mtu aliyechoka, anayeona haya mbele ya wenzake, na bado anaitaka hiyo CPA. Karatasi nyingine zote umeshazipita. Kama mimi na ile miche 22, huanzi upya kabisa.

Hapa mikarafuu imeanza kutoa matumba. Wachumaji nimeshaongea nao, na mama yako ameyatoa majamvi juani. Nitakutumia picha ya jamvi la kwanza tutakaloanika. Wewe kesho asubuhi nitumie picha ya maswali yako mawili, hata kama yote umekosea.

Baba yako